"Mwaka wa kwanza hauhesabiwi": nani kakwambia?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma shahada ya uhasibu ya miaka mitatu katika chuo kimoja hapa Moshi. Nimeanza mwaka wa tatu mwezi huu. Nakuandikia saa tano usiku nikiwa geto, Njoro, mwenzangu kalala, mimi usingizi umekataa.

Kisa kilianza Desemba iliyopita. Unatujua sisi, ikifika Desemba ukoo mzima unapanda nyumbani, na kwetu ni Uru. Baba mdogo alitoka Dar. Binamu yangu, mtoto wa dada yake baba, anasoma Leicester, Uingereza, naye alikuja. Siku ya pili ya Krismasi watu wamekaa migombani wanangoja nyama, baba akaniuliza mbele ya wote, "Enhe, matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwaje? Hukuniambia." Shangazi, nilikuwa na GPA (wastani wa pointi za matokeo) ya 2.7, na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, ya hesabu za biashara. Kabla sijafungua mdomo binamu akadakia, "Mjomba, mwaka wa kwanza hauhesabiwi, ule ni wa kuzoea tu. Wanaanza kuhesabu mwaka wa pili." Baba akaridhika. Baba mdogo akaniambia nikitoka na apa sekondi (daraja la pili la juu) nimpigie siku hiyohiyo, kuna mahali atanipeleka. Mimi nikanyamaza, na kusema kweli nikaamini. Anayesema yuko Uingereza, nani angembishia?

Mwaka wa pili nilikaza. Nikapata 3.6. Nikampigia baba mdogo kwamba apa sekondi ninayo tayari, bado kuilinda tu. Sasa wiki iliyopita nimechukua karatasi ya matokeo ya jumla, imeandikwa 3.1. Nilidhani ni kosa la mfumo. Nikaenda dirishani, mama wa pale akaniangalia juu ya miwani akasema, "Hiyo ndiyo yako, binti. Anayefuata!"

Naomba unisaidie haya. Kweli mwaka wa kwanza unahesabiwa? Na kama unahesabiwa, mbona 2.7 na 3.6 wastani wake ni 3.15, wao wameandika 3.1? Halafu ile sapu nilipata 68 lakini kwenye karatasi iko C, wakati 68 ni B+. Je, 3.5 ya apa sekondi bado naweza kuifikia? Na baba nitamwambia nini, maana Desemba hiyo inakuja.

Matokeo yangu ni haya: mwaka wa kwanza B+ moja, B tano, C nne (mojawapo ni ya sapu). Mwaka wa pili A moja, B+ tano, B tatu, C moja. Kozi zote ni krediti 12 (krediti ndiyo uzito wa kozi). Mwaka huu nina kozi nane za krediti 12 na utafiti wa krediti 24.

Binti wa Uru

*

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi nyuma ya dirisha kama hilo, kwa hiyo kwanza nimtetee mama wa miwani. Mwezi kama huu foleni yake inafika nje, na kila wa tatu anadai mfumo umekosea. Lakini angeweza kukukalisha dakika tano. Mimi ninazo zaidi ya tano.

Binamu yako hakudanganya. Alieleza ya Leicester, akakosea kudhani Moshi ni hivyohivyo. Uingereza kila chuo kinajiwekea kanuni zake za kupanga madaraja, ila katika shahada nyingi za miaka mitatu za kule mwaka wa kwanza unatakiwa kufaulu tu, alama zake haziingii kwenye hesabu ya mwisho. Inayoingia ni miaka miwili iliyobaki, na wa mwisho mara nyingi huwa mzito zaidi. Vyuo vingine huupa wa pili asilimia 40 na wa tatu asilimia 60, vingine theluthi moja kwa theluthi mbili. Chukua kijana wa kule aliyepata wastani wa 58 mwaka wa pili na 64 mwaka wa tatu, chuo chake ni cha 40 kwa 60. Hamsini na nane mara 0.4 ni 23.2. Sitini na nne mara 0.6 ni 38.4. Jumla 61.6, na kwa kuwa kule 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, kijana kalipata. Mwaka wa kwanza hata angekuwa na 41, hakuna atakayemuuliza siku ya kuvaa joho.

Kwetu sivyo. Majina ya madaraja tumeyarithi kwao, na haishangazi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikasimama chenyewe mwaka 1970. Fasti klasi, apa sekondi, loa sekondi, pasi, yote hayo ni ya Waingereza. Lakini hesabu iliyo chini ya majina hayo ni nyingine. Sisi tunatumia GPA ya pointi 5, na GPA haijui mwaka wa kwanza wala wa tatu. Inajua krediti. Mtihani ulioufanya Februari ya mwaka wa kwanza, hata jengo la maktaba hujalijua liko wapi, una uzito sawa na utakaoufanya mwezi wako wa mwisho chuoni, mradi krediti ni zilezile.

Sasa tuhesabu pamoja, shika kalamu. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila kozi unazidisha pointi zake kwa krediti zake, unajumlisha zote, unagawa kwa krediti zote. Mwaka wa kwanza B+ moja ni 4, B tano ni 15, C nne ni 8: jumla 27. Mara krediti 12, ni 324. Mwaka wa pili A moja ni 5, B+ tano ni 20, B tatu ni 9, C moja ni 2: jumla 36, mara 12 ni 432. Ukijumlisha ni 756. Umeshasoma krediti 240. Gawa: 3.15.

Na 3.15 imekuwaje 3.1? Vyuo vyetu vingi havikuzi GPA, vinaikata. Tarakimu ya pili baada ya nukta inafyekwa, hata iwe 9. Niliwahi kumwona kijana mwenye 4.39 akilia pale korido kama mtoto, maana fasti klasi inaanzia 4.4 na yeye akaandikiwa 4.3. Hakuna aliyemwonea, kanuni ilikuwa kwenye prospektasi aliyoitumia kuegemezea feni. Kule kwa binamu yako baadhi ya vyuo vina kanuni ya kumwinua aliyekaribia mpaka. Wewe usitegemee huruma hiyo. Weka hesabu zako kana kwamba 3.49 ni 3.4, kwa sababu ndivyo itakavyoandikwa.

Ngazi zenyewe ni hizi: 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. (Mwenzako wa geto kama anasoma udaktari wa binadamu, mwache alale. Shahada yao hapa nchini haipangwi madaraja, wao ni kufaulu au kutofaulu.)

Kuhusu sapu. Najua inauma, 68 ni 68, umeisomea likizo nzima wenzako wako nyumbani wanakula ndizi. Lakini sapu katika vyuo vyetu ina dari, na dari hiyo ni C. Upate 41 au 91, inaandikwa C, ili aliyefaulu mara ya kwanza kwa C asipitwe na aliyeshindwa akapewa nafasi ya pili. Mimi kanuni hiyo naiona kali kidogo kwa mtu aliyeugua siku ya mtihani, ila mgonjwa mwenye cheti cha daktari aliyetoa taarifa mapema huahirishiwa mtihani, na huo si sapu. Wewe hukuugua. Na tusiikuze kuliko ilivyo: ingekuwa B+ ungeongeza pointi 2 mara krediti 12, yaani 24, na leo ungekuwa na 3.25 ambayo ingeandikwa 3.2. Aliyekuvuta chini zaidi ni zile C nyingine tatu ambazo hukuzitaja kwenye malalamiko yako.

Na kozi uliyokwisha kufaulu kwa C hairudiwi ili upate A. Wapo watakaokwambia kuna mtu ofisini wa kumwona. Huyo akikupokea hela, kesho kutwa mtakuwa wawili mbele ya kamati ya nidhamu, na wewe ndiye utakayekosa shahada.

Swali lako kubwa ni 3.5. Inawezekana, binti yangu, ila si kwa mwendo wa 3.6. Krediti za shahada yako zote ni 360. Tatu nukta tano mara 360 ni 1260. Unazo 756. Unadaiwa 504 ndani ya krediti 120 zilizobaki, maana yake mwaka huu wa tatu uwe na GPA ya 4.2. Ukipata B+ kila mahali, bila kuanguka hata kozi moja, unafika 480. Unapungukiwa 24. Hizo 24 zinatoka wapi?

Hapa ndipo uliponifurahisha bila kujua, ulipoandika ule mstari wa mwisho wa barua yako. Utafiti ni krediti 24. A ya utafiti ni 5 mara 24, ni 120. B+ katika kozi nane ni 4 mara 96, ni 384. Jumlisha: 504 kamili. A moja ya utafiti inafanya kazi ya A mbili za darasani. Lakini geuza upande wa pili uone. Ukiupata utafiti kwa B, ni 72 tu, na hapo kozi nane zilizobaki zitakudai 432, yaani A nne na B+ nne. Nimeona wanafunzi wengi wa mwaka wa tatu wakiuweka utafiti mwisho kabisa, kwa kuwa hauna mtihani wala kipindi, halafu wiki mbili kabla ya kukusanya wanamtafuta msimamizi kila mahali, na yeye yuko safarini. Mfuate msimamizi wako wiki hii. Usiende kumsalimia tu, nenda na mada mbili zilizoandikwa ukurasa mmoja mmoja. Na kwa mtu wa uhasibu aliyeko Moshi, vyama vya ushirika vya kahawa na SACCOS viko jirani. Nauli ya kwenda kuchukua takwimu haizidi ya bajaji. Mwenzako anayeandika juu ya benki ya Dar atakuwa anabembeleza barua pepe zijibiwe hadi Mei.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hawaambiwi, nalo ni kubwa kuliko wanavyofikiri. Binamu yako hesabu yake ni mteremko, yako ni ngazi. Kwake alama 64 na alama 66 zinatofautiana kwa alama mbili, kila alama inaingia kwenye wastani. Kwako 60 na 69 zote ni B+, zote ni pointi 4. Alama tisa hizo hazikupi kitu. Ila 69 na 70, inapoanzia A, zinatofautiana kwa pointi nzima mara krediti 12, na 59 na 60 vilevile. Kwa hiyo mtu wa GPA hasomi kozi zote kwa nguvu sawa wiki za mwisho. Anaangalia kila kozi imesimama wapi kati ya ngazi mbili.

Na hilo utalijua kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa kozi, kama kosiweki yako (alama za testi na kazi za darasani) imebandikwa. Chukua kozi ambayo kosiweki ni 40 na UE ni 60, kama ilivyo kwingi. Una 31 kwenye kosiweki: A inakudai 39 kati ya 60. Hiyo ni A inayoshikika, iandikie saa zako. Kozi nyingine una 20: A inakudai 50 kati ya 60, ambayo wachache wanaipata, lakini B+ inakudai 40 tu. Hapo usijiue kutafuta A, hakikisha 40 hiyo. Ya tatu una 24, na somo limekupiga chenga: 36 kwenye UE inakupa 60 kamili, B+, na 35 inakupa 59, B. Alama moja hiyo ndiyo ya kuifuata kwa mwalimu wa mazoezi saa za jioni. Chora jedwali ukutani, safu mojawapo iwe "nadaiwa ngapi". Na kosiweki ikikosewa kujumlishwa, na hukosewa, walimu nao ni watu, nenda na karatasi yako ya testi mkononi kabla ya UE. Baadaye kuna fomu, kuna ada ya rufaa, na kuna siku za mwisho.

Je, usipofika? Tuseme utabaki na mwendo wa mwaka wa pili, 3.6 tena. Utamaliza na 3.3, loa sekondi. Sitakuficha kwamba kuna milango inayofungwa: ualimu wa chuo kikuu, kwa mfano, matangazo yake ya wakufunzi wasaidizi huomba GPA ya juu, mara nyingi 3.8, na hiyo hata ukipata A tupu mwaka huu huifikii vizuri. Hesabu: 600 na 756 ni 1356, gawa kwa 360, ni 3.76, nayo ikikatwa ni 3.7. Hilo lifute kichwani uwe huru. Lakini shahada za uzamili katika vyuo vyetu vingi zinapokea kuanzia 2.7. Matangazo mengi ya kazi za serikali hutaja fani uliyosoma bila kutaja daraja, kisha mnaitwa mamia kwenye usaili wa kuandika, na pale mwenye fasti na mwenye loa wanakaa dawati moja. Na mhasibu mwenye CPA, cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu, NBAA, nani alishamuuliza GPA yake? Kwa hiyo huyo baba mdogo na "mahali" pake, muulize waziwazi: huko wanataka 3.5 kweli, au ni neno tu la kukutia moyo? Nina wasiwasi ni la pili. Wajomba na baba wadogo wengi wanaitamka apa sekondi kama wanavyotamka "usome kwa bidii".

Sasa baba. Usingoje Desemba. Migombani si mahali pake, mbele ya binamu na ndafu na wageni waliokunywa mbege. Baba akiaibika pale atajibu kwa ajili ya watu, hatakujibu wewe. Panda Uru Jumapili moja ya mwezi huu, baada ya ibada, na daftari. Mwambie, "Baba, Desemba iliyopita nilinyamaza wakati ilikuwa kazi yangu kusema. Mwaka wa kwanza wa chuo chetu unahesabiwa, na nilipata 2.7." Binamu usimtupie lawama, ingawa najua ulimi utawasha. Yeye hakuwa na matokeo yako mkononi, wewe ulikuwa nayo. Kisha mfungulie ukurasa wa hesabu, umwonyeshe 756, 504 na 4.2. Mzee aliyewahi kuuza kahawa kwenye chama cha msingi anaelewa vizuri sana malipo ya kwanza na malipo ya pili, na deni linalokatwa katikati. Atauliza swali moja au mawili. Atakasirika kidogo, hasa kwa lile la kunyamaza, mwache akasirike.

Baba mdogo mpigie wewe mwenyewe jioni hiyohiyo, kabla baba hajampigia. Sentensi moja inatosha: "Nilikosea kuhesabu, nina 3.1, natafuta 4.2 mwaka huu."

Na dirishani usirudi tena kwa ajili ya ile sapu. Ukirudi kwa yule mama, peleka swali moja tu: mwisho wa kusajili mada ya utafiti ni tarehe ngapi.

Shangazi